Leeuwenhoek, muuza vitambaa aliyeona vijidudu

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa Delft, Uholanzi, mwaka wa 1632. Alikuwa muuza vitambaa. Chuo kikuu hakufika, Kilatini hakujua. Lakini alisugua vioo vidogo kwa mikono yake, akaangalia tone la maji, akakuta vijidudu vya kila namna vinatembea. Mwaka wa 1676 aliandikia wataalamu wa London. Hawakuamini. Akaita mashahidi, hata wachungaji, wajionee wenyewe. Mwaka wa 1677 Robert Hooke naye akaviona. Leeuwenhoek alifariki mwaka wa 1723, akiwa na miaka 90. Namna yake nzuri zaidi ya kuangalia aliificha mpaka kufa.

Leo wataalamu wanasoma jeni za vijidudu, na bado wanakuta aina mpya. Na sisi huku, hata maji yakionekana safi, tuyachemshe tu: kijidudu cha kolera hakionekani kwa macho.