Nigel Leakey: Shujaa wa Colito na askari wasiotajwa

Kabla ya mwaka 1964, kambi mbili kubwa za jeshi la Tanganyika zilibeba majina ya mbali. Ile ya Tabora iliitwa Kalewa, kwa jina la mji wa Burma ambao askari wa Afrika Mashariki waliuteka Desemba 1944. Ile ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, iliitwa Colito, mji mdogo wa kusini mwa Ethiopia. Ni katika mapigano ya Colito ndipo Sajini Nigel Gray Leakey alipotenda jambo lililompatia Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika jeshi la Uingereza.

Leakey alizaliwa Januari 1, 1913, Kiganjo, karibu na Nyeri, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa mlowezi Gray Leakey, wa ukoo uleule wa Dk. Louis Leakey, mtafiti ambaye yeye na mkewe Mary walilitangaza Bonde la Olduvai duniani baada ya mwaka 1959. Alisoma Uingereza katika shule ya Bromsgrove, kisha akarejea Kenya. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alijiunga na jeshi, na mwaka 1941 alikuwa sajini katika Batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, maarufu kwa kifupi cha KAR.

Batalioni hiyo ilikuwa ya Tanganyika. Mizizi yake ilianzia mwaka 1917, Waingereza walipoanza kuwaandikisha upya askari waliokuwa wamelitumikia jeshi la Wajerumani. Miongoni mwa waliovaa sare yake walikuwamo Wanyamwezi, Wasukuma, Wahehe na Wangoni. Kwa watu wa Tabora, safari ndefu za kikazi hazikuwa jambo geni. Babu zao walikuwa wapagazi wa misafara kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji, na wengine walibeba silaha na mizigo katika vita ya 1914 hadi 1918, ambamo mji wa Tabora wenyewe ulitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 19, 1916. Katika Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilitoa zaidi ya wanaume 80,000 kwa jeshi la Mwingereza.

Mei 1941 Waitalia walikuwa wamekwisha kupoteza Mogadishu na Addis Ababa, na Mfalme Haile Selassie alikuwa amerejea katika mji mkuu wake. Hata hivyo, majeshi yao yalikuwa bado yanashikilia eneo la maziwa kusini mwa nchi. Mei 19, kombania mbili za Batalioni ya 1/6 zilivuka mto Billate karibu na Colito huku zikipigwa vikali, zikashika kipande kidogo cha ardhi ng'ambo ya mto. Waitalia walijibu ghafla kwa vifaru, wakitokea ubavuni na nyuma.

Leakey alikuwa na kikosi cha mizinga midogo ya inchi 3. Mabomu yake yalipokwisha, alikwenda mbele kuungana na kombania zilizokuwa hatarini. Kifaru kimoja kilipokaribia, alikirukia, akafungua mfuniko wa juu kwa nguvu na kuwapiga risasi za bastola waliokuwamo, akimwacha dereva peke yake, ambaye alimlazimisha kukiendesha hadi mahali pa kujificha. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho dhidi ya vingine, lakini haukufanya kazi. Ndipo alipoamua kuvifuata vilivyobaki kwa miguu, katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa kwa risasi na mizinga.

Katika hatua hiyo hakuwa peke yake. Alikwenda na sajini meja mmoja Mwafrika pamoja na askari wengine wawili. Vifaru viwili viliwapita. Leakey aliruka juu ya cha tatu, akafungua mfuniko na kumuua mmoja wa waliokuwa ndani, kabla ya bunduki ya rashasha ya kifaru cha nne kumwangusha. Alikuwa na umri wa miaka 28. Shambulio la vifaru lilivunjika, na askari wa Tanganyika wakabaki ng'ambo ya mto.

Tangazo la Msalaba wa Victoria lilitoka katika gazeti rasmi la Serikali ya Uingereza Novemba 15, 1945, zaidi ya miaka minne baada ya kifo chake. Nishani hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1856, ilitolewa mara 182 tu katika vita nzima. Leakey hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa katika kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyomo kwenye makaburi ya vita jijini Nairobi. Baba yake alikufa kifo cha kikatili Oktoba 1954, wakati wa vita vya Mau Mau.

Maelezo rasmi ya nishani yanamtaja Leakey kwa jina, cheo na batalioni. Wale watatu waliomfuata vifaruni yanawataja kwa vyeo tu. Hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyepewa Msalaba wa Victoria katika vita ile; waliotunukiwa walipata medali za daraja la chini, kama vile DCM na MM. Haipunguzi ushujaa wa Leakey kukumbuka kwamba askari wa kawaida aliyeviendea vifaru kwa miguu alikabiliana na risasi zilezile.

Jina la Colito nalo halikudumu. Januari 20, 1964, askari wa kambi hiyo waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, na siku iliyofuata uasi ukafika Tabora. Jeshi hilo lilivunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi ya Dar es Salaam ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani Agosti 17, 1891.

Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki kwa taifa huru. Lakini pamoja na jina la mji wa Ethiopia, kilififia pia kielelezo kilichowakumbusha Watanzania kwamba ndugu zao walipigana huko. Taifa huwaenzi mashujaa wake kila Julai 25. Askari wa Batalioni ya 1/6 wamo katika hesabu hiyo, na majina yao yanastahili kutafutwa katika karatasi za kuachishwa jeshi, medali na simulizi ambazo huenda bado zimehifadhiwa na familia, iwe Choma, Sikonge au Urambo. Hadi yatakapopatikana, sajini mmoja atasomwa kwa jina lake kamili, na wenzake watatu wataendelea kusomwa kwa vyeo vyao tu.