Imam Abu Yusuf: Mwanafunzi Aliyeondolewa Darsani kwa Ufukara



Ndugu zangu, muhula uliopita nilikosa darsa wiki tatu. Sikuwa mgonjwa. Nilidaiwa ada, nilidaiwa kodi ya chumba, na nilikuwa nimekopa kwa wenzangu watatu, hadi nikawa napita nyuma ya msikiti nisikutane nao. Nikaenda kubeba mizigo sokoni. Siku hizo ndipo niliposoma upya maisha ya Imam Abu Yusuf, rahimahullah.

Jina lake ni Ya'qub bin Ibrahim al-Ansari. Alizaliwa Kufa, Iraq, mwaka 113 H (731). Kwao walikuwa mafukara, lakini yeye alipenda hadithi na fiqhi, akawa anahudhuria halaqa ya Imam Abu Hanifa. Inasimuliwa kuwa siku moja baba yake alimfuata huko akamwondoa. Alimwambia kuwa Abu Hanifa ana uwezo wake, ilhali wao wanahitaji riziki. Ya'qub akamtii mzazi, na masomo yakapungua.

Abu Hanifa akaona pengo, akamuulizia. Kijana aliporudi, mwalimu alimuuliza kilichomzuia, naye akasema kweli: ni kutafuta riziki na kumtii baba. Watu walipotawanyika, Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo, alimpa mfuko wenye dirham 100. Akamtaka adumu na halaqa, na zikimalizika amjulishe. Haukupita muda mrefu akampa 100 nyingine, na akaendelea hivyo bila kijana kumwambia kuwa zimekwisha. Haukuwa mkopo.

Kijana huyo alikuja kuwa kadhi huko Baghdad, katika zama za makhalifa watatu: al-Mahdi, al-Hadi na Harun al-Rashid. Ndiye wa kwanza kuitwa Qadhi l-Qudhat, yaani kadhi mkuu wa makadhi wote. Alimwandikia Harun Kitab al-Kharaj, kitabu kuhusu kodi na mali ya umma. Humo alimnasihi asiwatwishe watu wasichokiweza, wala wasipigwe kwa ajili ya kodi. Alifariki mwaka 182 H (798), na madhehebu ya Hanafi yalienea sana kwa juhudi zake.

Nimejifunza mambo mawili. La kwanza ni letu sisi tunaodaiwa: Ya'qub alipoulizwa hakuficha. Mimi nilificha. Kaka mmoja wa jumuiya alipokuja kugonga chumbani, nilimwambia kwanza kuwa nina homa. Aliporudi siku ya pili nikasema ukweli. Tukakaa, tukaandika madeni yote kwenye karatasi, kama Suratul-Baqara inavyotuelekeza kuandika deni, kisha nikaenda kwa wale watatu mmoja mmoja kuomba muda. Wote walinipa. Bado nalipa, na deni ni deni. Lakini napita mlango wa mbele.

La pili ni letu sote. Kila muhula wapo wanaotoweka darsani, nasi husema labda imani imepungua. Huenda ni ada. Huenda ni njaa. Abu Hanifa hakungoja kuombwa; aliulizia.

Basi baada ya Ijumaa hii, tazama nani hayupo katika halaqa yako, umfuate. Akikwambia ana homa, rudi kesho.

Wabillahi tawfiq.