Padre Matteo Ricci: Mmisionari Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi

Tunapowakumbuka wamisionari wakubwa, mara nyingi tunahesabu waliobatizwa na makanisa yaliyojengwa. Maisha ya Padre Matteo Ricci yanatualika kuanzia kwenye dawati la mwanafunzi wa lugha.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1552 huko Macerata, Italia. Mwaka 1571 alijiunga na Wayesuiti mjini Roma, akasoma hisabati na elimu ya nyota kwa Padre Christopher Clavius. Mwaka 1578 alisafiri kwa meli kutoka Lisbon hadi Goa, India. Alipewa daraja ya upadre mwaka 1580, na Agosti 1582 aliwasili Macao, mlangoni mwa China.

Alessandro Valignano, msimamizi wa misheni za Wayesuiti barani Asia, alikwisha kuagiza kwamba anayetaka kuihubiri Injili China ajifunze kwanza kusema, kusoma na kuandika Kichina. Padre Michele Ruggieri alianza kazi hiyo mwaka 1579. Mwalimu wake alikuwa mchoraji: alichora kitu, kwa mfano farasi, kisha akamwonyesha jinsi neno lake linavyotamkwa na kuandikwa. Baadhi ya wenzake walimwona Ruggieri anapoteza wakati. Ricci alipofika, aliketi naye wakasoma pamoja.

Tutaelewa ugumu wao kwa mifano michache ya Kichina sanifu cha leo. Sisi tumezoea kusema mtu na watu, anakula na alikula. Kichina hakina viambishi hivyo. Ren ni mtu, na ren ni watu. Chi, yaani kula, halibadiliki kamwe. Msikilizaji huutambua wakati kwa kusikia jana au kesho, au kwa kineno le kinachoonyesha kwamba tendo limetimia. Kineno ma mwishoni huigeuza sentensi kuwa swali. Kati ya namba na jina huwekwa neno la kuhesabia: vitabu vitatu ni san ben shu, nalo ben ni la vitabu, karatasi zina lake, zhang. Hapo anayezijua ngeli zetu anaweza kutabasamu. Lakini kuna sauti pia: silabi ma, ikipandishwa au kushushwa, huwa mama, katani, farasi au kutukana. Na kila neno lina alama zake za kuandikwa, za kukaririwa moja baada ya nyingine.

Mwaka 1583 mapadre hao wawili waliruhusiwa kukaa Zhaoqing. Huko walitunga kamusi ya Kireno na Kichina, yenye neno la Kireno, matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, na alama za Kichina. Pamoja nayo yamehifadhiwa mazungumzo ya kila siku ya maswali na majibu, kama ya mwenyeji na mgeni wake.

Matunda hayakuja upesi. Ruggieri alirudi Ulaya mwaka 1588. Mwaka uliofuata Ricci alifukuzwa Zhaoqing, akahamia Shaozhou. Huko wenzake wawili, António de Almeida na Francesco de Petris, walifariki mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1592 nyumba yao ilivamiwa usiku, naye akaumia mguu. Hakuacha kusoma. Mwaka 1595 aliandika kwa Kichina kitabu juu ya urafiki, kikapendwa na wasomi wa nchi hiyo. Hata baada ya hapo, akiwa na Padre Lazzaro Cattaneo aliyekuwa na sikio la muziki, aliendelea kutafuta namna bora ya kuandika sauti za lugha ile.

Mwaka 1601 aliruhusiwa kukaa Beijing, mji wa mfalme. Msomi Xu Guangqi, aliyebatizwa mwaka 1603, alishirikiana naye kutafsiri vitabu sita vya kwanza vya jiometria ya Euclid, vilivyochapishwa mwaka 1607. Mungu aliitwa Tianzhu, yaani Bwana wa Mbinguni, na Wakatoliki wa China humwita hivyo hadi leo. Kama nasi tunavyomwomba kwa jina lililokuwa katika lugha zetu kabla ya Injili kutufikia.

Padre Ricci alifariki Beijing tarehe 11 Mei 1610, na mfalme alitoa ardhi ya kumzika. Tarehe 17 Desemba 2022 Papa Fransisko aliidhinisha tamko la fadhila zake za kishujaa.

Ndugu zangu, anayejifunza lugha ya mwingine hukubali kukosea mbele yake, kuchekwa na kusahihishwa. Huo ni unyenyekevu, na ni upendo unaotangulia mahubiri. Neno wa Mungu mwenyewe, alipofanyika mwili, alijifunza kusema akiwa mtoto Nazareti. Basi, tunapohamia parokia ya watu wa lugha nyingine, au jirani mgeni anapojiunga na jumuiya yetu ndogo ndogo, tuanze kwa kujifunza salamu zake. Tena tusichoke mapema: Padre Ricci alisubiri karibu miaka 19 tangu Macao hadi Beijing.

Tumsifu Yesu Kristo.