Charles de Foucauld, mtu aliyemsahau Mungu

1. Mtoto yatima

Tarehe 15 Septemba 1858 mtoto mwanamume alizaliwa katika mji wa Strasbourg, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wakristo, watu wa jamaa kubwa yenye mali. Wakampa jina la Charles. Mama yake alimfundisha kuunganisha mikono na kusali asubuhi na jioni. Lakini furaha ya nyumba ile haikudumu. Mwaka 1864 mama alikufa, na miezi michache baadaye baba akamfuata. Charles alikuwa hajatimiza miaka sita, na dada yake Marie alikuwa mdogo kuliko yeye.

Babu yao, mzaa mama, aliwachukua akawalea. Alikuwa askari mzee mwenye cheo cha kanali. Alimpenda mjukuu wake mno, hata hakuweza kumkatalia kitu. Mwaka 1870 vita vikatokea kati ya Wafaransa na Wadachi. Wadachi walishinda, wakautwaa mji wa Strasbourg, na mzee akahamia Nancy pamoja na wajukuu wake. Huko, mwaka 1872, Charles alipokea Komunyo ya kwanza. Siku ile aliipokea kwa moyo mweupe na kwa furaha kubwa.

2. Sala zinaachwa

Charles alikuwa na akili nyingi. Alisoma vitabu vya kila namna, wala hakuwa na mtu wa kumchagulia. Vingine vilifundisha kwamba hakuna awezaye kujua kama Mungu yuko. Kidogo kidogo sala zake zikapungua, mwisho zikakoma. Alipofika miaka kama 16, hakusadiki tena neno lo lote la dini.

Hakusimama sokoni kutangaza kwamba Mungu hayuko. Hakumtukana Mungu. Aliendelea kuitwa Mkristo, na jina lake lilibaki katika kitabu cha ubatizo. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Yale yaliyokuwa yamefichwa moyoni yakaanza kuonekana katika matendo.

Kwanza ulionekana uvivu. Mwaka 1876 Mapadri Wajesuiti wa Paris walimfukuza katika shule yao, kwa sababu hakutaka kazi wala hakufuata amri. Mwaka uleule akaingia shule ya maofisa wa jeshi huko Saint-Cyr. Mwaka 1878 babu yake akafa, na Charles akarithi mali nyingi sana. Basi, ulafi na majivuno vikafuata. Katika shule ya askari wa farasi ya Saumur alijulikana kwa karamu zake, kwa vyakula vya thamani, kwa divai na kwa kucheza karata kwa fedha. Alinenepa. Alitumia fedha kama mtu amwagaye maji mchangani. Mwaka 1879, mtihani wa mwisho ulipofika, wanafunzi walikuwa 87. Charles alikuwa wa 87.

Mwaka 1880 jeshi lake lilipelekwa Algeria, katika Afrika ya kaskazini. Charles alikwenda na mwanamke asiyekuwa mke wake wa ndoa, akamwonyesha kwa watu kana kwamba ni mke wake. Wakubwa wake walipojua, wakamwamuru amrudishe. Alikataa. Mwaka 1881 wakamwondoa kazini, akarudi Ulaya kwa aibu.

Mtu atauliza: je, alikuwa na furaha? Charles mwenyewe aliandika baadaye kwamba katikati ya karamu zake mwenyewe alikuwa akipatwa na huzuni kubwa. Wenzake walicheka, naye alikaa kimya, moyo umejaa uchungu. Hakujua huzuni ile ilitoka wapi.

Mtumishi ajuaye kwamba bwana wake yuko chumbani haibi sukari. Mtumishi adhaniye kwamba bwana amesafiri na hatarudi, hufungua kabati bila woga. Hivyo ndivyo alivyoishi Charles katika ulimwengu wa Mungu: kama mtu aliye katika nyumba isiyo na mwenyewe.

3. Watu wanaosali njiani

Hata hivyo, wema haukufa wote ndani yake. Mwaka uleule wa 1881 alisikia kwamba wenzake wanapigana vita kusini mwa Algeria. Akamwacha yule mwanamke, akaomba kurudishwa jeshini, hata kama ni kwa cheo kidogo. Huko alistahimili kiu na joto pamoja na askari wake bila kunung'unika. Maofisa waliomjua zamani walistaajabu. Vita vilipokwisha, aliacha jeshi mwaka 1882, maana alitaka kuzijua nchi za Afrika ya kaskazini. Katika mwaka ule jamaa zake walikwenda mbele ya mahakimu, wakaomba mali yake iwekewe mlinzi, asije akaimaliza yote.

Wakati ule Mkristo hakuweza kusafiri kwa salama katika sehemu nyingi za Moroko. Basi Charles akavaa nguo za mwalimu wa Kiyahudi, akafuatana na Myahudi mmoja aliyeitwa Mardochée. Kwa miezi kumi na moja, kutoka Juni 1883 hata Mei 1884, alizunguka katika nchi ile. Aliandika habari za njia, milima na mito kwenye vikaratasi vidogo alivyovificha mkononi. Mara nyingi alikuwa karibu kuuawa. Katika kijiji cha Tisint Mwislamu mmoja alimjua kuwa ni Mkristo, lakini hakumtoa kwa adui. Alimlinda kama mgeni wake.

Jambo moja lilimgusa kuliko milima yote. Kila siku aliwaona Waislamu wakisali. Saa ya sala ilipofika, waliacha biashara, wakashuka kwenye wanyama wao, wakainama mpaka chini mbele ya Mungu. Walifanya hivyo sokoni, njiani na jangwani, hata pasipo mtu wa kuwaona. Matendo yao yalionyesha kwamba kwao Mungu yuko, tena yuko karibu. Na yeye, aliyebatizwa na kupokea Komunyo, alipita kati yao bila sala. Mawazo hayo hayakumtoka tena.

4. Kupiga magoti

Charles alirudi Ufaransa akapewa sifa nyingi. Mwaka 1885 chama cha wataalamu wa jiografia cha Paris kilimpa nishani ya dhahabu kwa ajili ya safari yake. Lakini dhahabu haikumtuliza moyo. Mwaka 1886 alikaa Paris karibu na jamaa zake. Alikuwapo binamu yake, Marie de Bondy, mwanamke mwenye elimu na sala nyingi. Marie hakumgombeza wala hakubishana naye. Charles aliyatazama maisha yake, akaanza kufikiri kwamba dini inayozaa wema wa namna ile haiwezi kuwa upumbavu. Akawa akiingia kanisani peke yake. Hakujua kusali tena; alimwomba tu Mungu ajijulishe kwake, kama yuko.

Mwishoni mwa Oktoba 1886, asubuhi, aliingia katika kanisa la Mtakatifu Augustino. Padri Huvelin alikuwa katika kiti cha maungamo. Charles hakupiga magoti. Alisimama akamwambia Padri kwamba hana imani, naye amekuja kuomba afundishwe dini. Alitaka kuleta maswali na kusikia majibu, kama afanyavyo mtu mwenye elimu mbele ya mtu mwenye elimu.

Padri Huvelin hakuanza somo. Alimwambia apige magoti aungame dhambi zake. Charles akajibu kwamba hakuja kwa ajili hiyo. Padri akamwamuru tena. Ndipo yule ofisa mwenye kiburi akapiga magoti, akataja dhambi za miaka mingi. Alipomaliza, Padri akamwuliza kama amekula cho chote asubuhi ile. Alikuwa hajala. Basi Padri akampeleka kupokea Komunyo palepale.

Kwa nini Padri alifanya hivyo? Hakuyadharau maswali yake. Lakini alijua kwamba dhambi na kukosa imani hufungana kama kamba mbili zilizosokotwa. Charles aliacha sala, akaanguka katika dhambi; na kadiri alivyokaa katika dhambi, ndivyo alivyopenda zaidi kwamba Mungu asiwepo, kusiwe na wa kumhukumu. Dirisha likiwa na matope, mtu hulisafisha kwanza, kisha huona jua. Charles alipoinuka, huzuni ile ya zamani ilikuwa imekwisha.

5. Imani inayoonekana

Tangu saa ile, kama alivyoandika mwenyewe baadaye, aliposadiki kwamba Mungu yuko, alitambua kwamba hawezi kuishi ila kwa ajili yake tu. Kama vile zamani matendo yake yalivyoonyesha kwamba hasadiki, sasa matendo yake yalionyesha kwamba anasadiki. Mwaka 1890 aliingia katika monasteri ya Watrapisti. Mwaka 1897 alikwenda Nazareti, akawa mtumishi wa Masista Waklara, akilala katika kibanda cha vyombo vya bustani. Yule aliyekula vyakula vya thamani sasa alikula mkate na kunywa maji. Mwaka 1901 akapewa upadri, akarudi Algeria kuishi katika jangwa la Sahara, mahali paitwapo Béni Abbès.

Huko alikuta ubaya mkubwa. Watu weusi waliuzwa na kutumikishwa kama wanyama, na wakubwa Wafaransa waliuacha utumwa uendelee. Wengi wao walikuwa wamebatizwa. Charles aliona kosa lake la zamani limerudi kwa sura nyingine: kumwita Mungu Baba kwa mdomo, na kuwatenda watoto wake kana kwamba hawana Baba. Mwaka 1902 alianza kuwakomboa watumwa kwa fedha alizoletewa na jamaa zake. Pia aliandika barua, akawataka wakubwa wa Kanisa waupinge utumwa waziwazi. Mkubwa wake, Monsinyori Guérin, Padri Mweupe, alimshauri awe na busara na kunyamaza. Charles alitii, lakini hakuita ubaya ule wema.

Mwaka 1905 alikwenda mbali zaidi, Tamanrasset, kati ya watu waitwao Watuareg. Alijifunza lugha yao, akaandika kamusi kubwa na kukusanya mashairi yao. Mwanzoni mwa 1908, wakati wa ukame na njaa, aliugua vibaya, maana chakula chake alikuwa amewagawia watu. Watuareg wenyewe walitafuta maziwa ya mbuzi mahali po pote, wakamponya. Hivyo yeye aliyekuja kusaidia alisaidiwa na maskini, na tangu hapo urafiki wao ulizidi. Hakubatiza watu wengi, wala hakupata ndugu wa kukaa naye daima.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916, wakati wa vita vikubwa, kundi la watu wenye silaha lilikuja nyumbani kwake. Walimdanganya akafungua mlango, wakamfunga, wakampa kijana mmoja amlinde. Ghafula watu wawili juu ya ngamia walitokea. Kijana akaogopa, akapiga bunduki. Charles akafa palepale. Alikuwa na miaka 58. Moussa Ag Amastan, mkubwa wa Watuareg, aliandika barua kwa dada yake Charles, akimwambia jinsi alivyomlilia.

Mbegu iliota baadaye. Mwaka 1933 mashirika ya kwanza ya kufuata maisha yake yalianza, na leo wanawe na binti zake wako katika nchi nyingi. Tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu.

6. Fundisho

Watoto, mtu anaweza kukariri Nasadiki yote kanisani bila kukosa neno, kisha akaingia katika shamba la jirani kuiba karanga. Kabla ya kuiba hutazama kuume, hutazama kushoto, hutazama nyuma. Hatazami juu. Wakati huo moyo wake unasema kwamba hakuna aonaye ila wanadamu. Kinywa kimesadiki, mkono umekana.

Lakini tusimhukumu mwenzetu kwamba amepotea kabisa. Nani angalisema kwamba yule mwanafunzi wa 87, mlafi na mvivu, ni mtakatifu wa kesho? Binamu yake hakumkatia tamaa, na Mungu hakumkatia tamaa. Mtu akianguka, njia iko wazi ileile: apige magoti, aungame, aanze tena.

Maswali

1. Charles aliacha nini kabla ya kuanguka katika dhambi nyingi?
2. Waislamu wa Moroko walimfundisha nini bila kusema neno?
3. Kwa nini Padri Huvelin alimtaka aungame kwanza?
4. Charles aliona kosa gani kwa Wakristo walioacha utumwa uendelee?
5. Mtu akiiba mahali pasipo watu, moyo wake unasema nini juu ya Mungu?