Askofu Hirth: Mwasisi wa Seminari ya Rubya

UKITAJA elimu ya mapadre mkoani Kagera, jina la Rubya, wilayani Muleba, halikwepeki.

Mwasisi wa seminari hiyo, Askofu Jean-Joseph Hirth, alizaliwa Machi 26, 1854 Alsace, Ufaransa, eneo lililotwaliwa na Ujerumani mwaka 1871 angali kijana. Alipata upadre mwaka 1878 katika shirika la White Fathers, akafundisha seminari huko Jerusalem, kisha akaja Ziwa Victoria. Mwaka 1890 aliwekwa wakfu kuwa askofu.

Januari 1892 vita vya Mengo, Buganda, baina ya Wakatoliki na Waprotestanti waliosaidiwa na Kapteni Lugard, vilimlazimu kukimbia. Alihamia Buhaya pamoja na wakimbizi wa Kiganda, na mwaka huohuo ikafunguliwa misheni ya Kashozi, jirani na Bukoba, chini ya utawala wa Wajerumani.

Seminari ya Rubya ilianza mwaka 1904, katika himaya ya Ihangiro. Mfano wake ulitoka mbali. Mtaguso wa Trento uliagiza seminari mwaka 1563, lakini Ufaransa iliutekeleza kwa dhati katika karne ya 17. Jijini Paris, mwaka 1633, Vincent de Paul alianza kuwakutanisha mapadre kila Jumanne wajadili maisha na wajibu wao. Mmoja wao, Jean-Jacques Olier, ndiye aliyeanzisha seminari ya Saint-Sulpice. Kwa watu hao, upadre ulihitaji masomo na malezi.

Hirth hakuupunguza mfano huo eti kwa sababu wanafunzi wake walikuwa Waafrika, na hapo ndipo ulipo ukubwa wake. Vijana wa Kihaya walisoma Kilatini kama wenzao wa Ulaya. Baadhi ya wamisionari wa Rwanda, alikofungua misheni ya Save mwaka 1900, walinung'unika kwamba anaijali mno seminari. Hakutetereka.

Mwaka 1912 alikabidhiwa Vikariati mpya ya Kivu, hivyo hakuwa tena Rubya mwaka 1917, mapadre wazalendo wa kwanza wa seminari hiyo walipopadirishwa. Mwaka huohuo Rwanda nayo ilipata wake, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, ambao pia walipitia Rubya.

Alijiuzulu baadaye, macho yakiwa yamefifia. Alifariki Januari 6, 1931 huko Kabgayi, Rwanda, miaka 29 kabla ya Laurean Rugambwa, aliyesoma Rubya, kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi.