Al-Zahrawi: Tabibu wa Andalusia aliyesikiliza kilio cha kijiji kimoja

 Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunayatazama maisha ya Abul-Qasim Khalaf ibn Abbas al-Zahrawi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wengi humtaja kuwa baba wa upasuaji. Ni wachache wajuao kwamba yeye pia aliandika habari za wagonjwa ambao maradhi yao hakuyasoma kwa wataalamu waliomtangulia.

Kuzaliwa na elimu yake

Al-Zahrawi alizaliwa karibu na mwaka 936 katika Madinat al-Zahra, mji uliojengwa na Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu karibu na Cordoba, katika nchi ambayo leo ni Hispania. Nasaba yake inanasibishwa na Ansari, wale watu wa Madina waliompokea Mtume (S.A.W.). Habari za ujana wake ni chache, kwani mji wake uliporwa na kubomolewa katika fitna iliyoanza mwaka 1009, na yeye mwenyewe akafariki karibu na mwaka 1013.

Kilichosalia ni kitabu chake, Kitab al-Tasrif, chenye sehemu 30, alichokikamilisha karibu na mwaka 1000 baada ya kutibu watu kwa miaka mingi. Sehemu ya mwisho inahusu upasuaji, nayo ina michoro ya vyombo vipatavyo 200. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini mjini Toledo, na matabibu wa Ulaya wakaitegemea kwa karne nyingi.

Katika kitabu hicho aliwaita wanafunzi wake wanawe, akawaonya wasiguse kisu kabla ya kuujua mwili wa binadamu. Aliwasimulia habari za tabibu mjinga aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingoni, akakata mishipa ya damu, na mwanamke yule akafa palepale. Aliwakataza pia kuchukua kazi wasiyoiweza kwa tamaa ya mali.

Kijiji cha watu waliotokwa na damu

Ndipo tunapofika katika habari iliyo kiini cha makala haya. Al-Zahrawi alikutana na wanaume wa kijiji kimoja waliomweleza jambo la ajabu. Mwanamume wa kwao akipata jeraha kubwa, damu ilimtoka bila kukoma mpaka akafa. Walimsimulia pia mtoto aliyejisugua ufizi tu, damu ikaanza kumtoka, nayo ikawa sababu ya mauti yake.

Tabibu huyu angeweza kuwapuuza wanakijiji wale, kwa kuwa hakuyasoma hayo kwa wataalamu waliomtangulia. Hakufanya hivyo. Aliwasikiliza, akayaandika waliyomweleza, kisha akakiri wazi kwamba hajapata kuona hali hiyo mahali pengine, wala haijui sababu yake. Alipendekeza jeraha lichomwe kwa moto haraka ili damu izuiwe, akaeleza kwamba dawa hiyo yeye mwenyewe hakuijaribu.

Wataalamu wa leo wanaona kuwa habari hizo zinaafikiana na himofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu hukosa protini ya kuigandisha. Ilipita miaka ipatayo 800 kabla ya daktari John Conrad Otto wa Marekani kuueleza kwa kina mwaka 1803. Aina iliyo ya kawaida zaidi humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto 5,000 wa kiume. Kwa kawaida mama hubeba asili yake bila yeye mwenyewe kuugua sana, naye baba mgonjwa huwarithisha asili hiyo binti zake. Hata hivyo, katika familia nyingi mtoto huugua pasipo kuwapo mgonjwa mwingine katika ukoo.

Mafunzo kwa wazazi

Ndugu msomaji, jambo hili linatuhusu sana sisi tunaowatahiri watoto wetu wa kiume, kwani mara nyingi ni katika tohara ndipo himofilia hujitokeza kwa mara ya kwanza. Al-Zahrawi aliandika mlango mzima kuhusu tohara. Alipendelea mkasi kuliko vyombo vingine, na akafundisha kuwa mtoto afurahishwe na mkasi ufichwe asiuone, ili asiingiwe na hofu.

Basi iwapo katika ukoo wa mama kuna mjomba au kaka aliyetokwa na damu bila kukoma, au mtoto mwenyewe huvimba viungo na kupata michubuko mikubwa pasipo sababu, apimwe damu hospitalini kabla ya kupelekwa kwa ngariba. Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kwamba tohara huahirishwa pale inapohofiwa kumdhuru mtoto. Kusubiri huko si kuiacha sunna, bali ni kuihifadhi nafsi.

Pia tuache kumlaumu mama na kumtuhumu jirani kwa uchawi. Siku hizi zipo sindano za kurudisha protini inayokosekana, na mgonjwa anayezipata kwa wakati huweza kusoma, kufanya kazi na kuoa. Asiyezipata hutokwa na damu ndani ya magoti na viwiko mpaka akawa kilema. Asipewe aspirini wala kuchomwa sindano ya msuli bila daktari kuarifiwa hali yake.

Wagonjwa wa maradhi adimu huteswa na mambo mawili: maradhi yenyewe na kutosadikiwa. Al-Zahrawi hakuwa na dawa ya uhakika ya kuwapa wale wanakijiji, lakini aliwasadiki na akaiandika habari yao kwa manufaa ya waliokuja baada yake. Hilo la kusadiki na kusikiliza kila mmoja wetu analiweza, nyumbani, shuleni na msikitini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atujaalie kuwa wenye huruma. Amin.