Beryl Markham na Farasi wa Njoro

Mtu aliyelelewa Mikinduri, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, humjua punda kabla hajamjua farasi. Punda ndiye abebaye maji, kuni na magunia ya siku ya soko. Ikiwa kuna mbio zozote za wanyama alizopata kuziona mtoto wa Tigania, basi ni zile za vijana warejeshao punda kutoka mtoni, mbio ambazo hazina tuzo wala mshindi, ila fimbo ya mwenye punda inayowangoja nyumbani. Farasi alitujia kwa njia ya maandishi. Tulimkuta katika tenzi za vita, mathalani Chuo cha Herekali, akiwa amewabeba mashujaa wenye panga. Na hata jina lake ni la mkopo kutoka Kiarabu. Ndiyo sababu mwandishi wa makala haya alistaajabu kugundua kwamba nchi yetu ina historia ya zaidi ya karne moja ya mbio za farasi, na kwamba mmoja wa watu mashuhuri kabisa katika historia hiyo ni mwanamke aliyekua akizungumza Kiswahili mazizini. Mwanamke huyo ni Beryl Markham.

Alizaliwa Ashwell, Uingereza, tarehe 26 Oktoba 1902, akaitwa Beryl Clutterbuck. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa mwalimu wa farasi wa mashindano. Mtoto alipokuwa na umri wa takriban miaka minne aliletwa katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na familia ikapata shamba Njoro, katika Bonde la Ufa. Hapana budi kukumbuka, hata kama wasifu nyingi za walowezi hulipita jambo hili kimyakimya, kwamba ardhi hiyo haikuwa tupu kabla yao. Mamake hakustahimili maisha yale. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, binti akabaki na babake.

Kwa hiyo alilelewa na watu wa mahali pale. Watoto wa Kinandi waliokuwa shambani ndio waliokuwa wenzake. Aliwinda nao kwa mkuki akiwa miguu mitupu, jambo ambalo halikuruhusiwa kwa wasichana wa Kinandi wenyewe. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta. Babake Kibii, arap Maina, aliyekuwa mmoja wa walimu wa Beryl porini, alikufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Beryl alikua akizungumza Kiswahili na Kinandi sawa na alivyozungumza Kiingereza. Shule rasmi aliipata kidogo tu. Shule yake hasa ilikuwa zizi la babake, alimojifunza kulisha, kuosha, kupanda na kuuguza farasi. Katika kitabu chake anasimulia jinsi alivyomzalisha farasi jike usiku kucha, na babake akamzawadia mwana farasi aliyezaliwa, naye akamwita Pegasus.

Hapa inafaa tutue kidogo tueleze mambo ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Farasi wa mashindano si farasi yeyote. Ni wa ukoo mmoja uliotunzwa na kuandikwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 200. Madume wote wa ukoo huo duniani hufuatiliwa, kwa upande wa baba, hadi kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki, ambao wanajulikana kwa majina ya Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Msimu wa mashindano nao una ngazi zake. Waingereza walianzisha mbio kuu za farasi wa miaka mitatu: ile ya St Leger tangu 1776, Darbi tangu 1780, na Guineas tangu 1809. Guineas ni ya kama mita 1,600 na huhitaji kasi. Darbi ni ya kama mita 2,400 na huhitaji kasi na pumzi. St Leger hukaribia mita 2,900 na huhitaji pumzi na moyo. Kwa kuwa farasi huwa na umri wa miaka mitatu mara moja tu, hana nafasi ya pili. Mwalimu akikosea katika msimu huo, amekosea daima. Kenya iliurithi mpango huo pamoja na majina yake, na hadi leo kuna Guineas ya Kenya, Darbi ya Kenya na St Leger ya Kenya.

Turudi Njoro. Clutterbuck alikuwa pia na kinu cha kusaga nafaka. Alikuwa ametia saini mikataba ya kuuza unga kwa bei maalumu. Mvua zikakosekana, bei ya nafaka ikapanda, naye akalazimika kununua ghali na kuuza rahisi mpaka akafilisika. Mnamo 1920 hivi shamba liliuzwa, akaenda Peru kufundisha farasi. Bintiye alikataa kumfuata. Wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa na Jock Purves, ijapokuwa hilo halimo kitabuni mwake. Hakuna mume hata mmoja aliyetajwa humo kwa cheo hicho, na aliolewa mara tatu. Alimpanda Pegasus akaelekea Molo, na akiwa na umri wa miaka kama 18 akapata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa leseni hiyo nchini.

Kisa kinachojulikana zaidi cha miaka hiyo ni cha St Leger moja ya katikati ya miaka ya 1920. Beryl alikuwa amemlea dume mmoja aitwaye Wrack tangu akiwa mchanga, na kila mtu aliona kwamba huyo ndiye angeshinda. Zikiwa zimesalia wiki chache tu, mwenye farasi alishawishika kwamba mashindano makubwa namna ile hayawezi kuachwa mikononi mwa msichana. Akamwondoa Wrack na kumpeleka kwa mwalimu mwingine. Ndipo rafiki mmoja, Eric Gooch, alipompa Beryl farasi jike aitwaye Wise Child. Alikuwa wa damu njema lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeharibika kwa kukimbizwa mno kwenye ardhi ngumu.

Kano iliyoumia haiponi kwa haraka, na farasi asiyekimbia hapati pumzi ya masafa marefu. Humo ndimo ulimokuwa mtego wote: kumkimbiza ni kumvunja, kutomkimbiza ni kumshinda kabla ya siku ya mbio. Beryl na arap Ruta walimfanyia mazoezi kwenye udongo laini wa kandokando ya ziwa, ambako kwato huzama kidogo na mguu haupati kishindo, huku ndege heroe wakiruka makundi kwa makundi mbele yao. Kila siku waliipapasa miguu yake kusikiliza joto, kwa kuwa joto kwenye mguu wa farasi ndilo dalili ya kwanza ya uvimbe. Walipima kila hatua. Siku ya mbio mpandaji alikuwa Sonny Bumpus. Kwa masimulizi ya Beryl, Wise Child alishika uongozi, Wrack akamfuata kwa nguvu hatua za mwisho, na miguu ya jike yule ikaanza kumsaliti mbele ya macho ya watu wote. Hata hivyo hakupitwa. Alishinda.

Mwandishi huyu anakiri kwamba kila anapoisoma sehemu hiyo humfikiria arap Ruta zaidi ya Beryl. Katika lugha yetu mtunza farasi huitwa saisi, neno ambalo leo linapatikana kamusini zaidi kuliko midomoni. Walowezi walilitumia neno hilohilo kwa matamshi yao, wakiwa wamelipata kutoka India, ambako nako lilifika kutoka Kiarabu. Kumbukumbu za mbio huandika jina la farasi, la mwenye farasi, la mwalimu na la mpandaji. Saisi, aliyeamka kabla ya alfajiri na kuipapasa miguu ile gizani, hana safu yake. Arap Ruta ni miongoni mwa wachache tunaowajua kwa jina, na tunamjua kwa sababu Beryl aliandika. Ni haki kumsifu kwa hilo. Ni haki pia kusema kwamba katika kitabu hicho mara nyingi tunamwona Ruta kama anavyoonekana na mwajiri wake aliyekuwa zamani mwenzake wa kuchezea, na kwamba kuvuka huko kutoka urafiki hadi utumishi Beryl alikusimulia kwa huzuni bila kukuhoji sana.

Sehemu iliyompa sifa duniani nitaipitia kwa haraka, maana imeandikwa mno. Aliolewa na Mansfield Markham mwaka 1927, akapata mtoto wa kiume mwaka 1929, na ndoa haikudumu. Alifundishwa urubani na Tom Campbell Black, akapata leseni ya urubani wa kibiashara mwaka 1933, akawa akipeleka barua, abiria na dawa, na kuwatafutia wawindaji makundi ya ndovu kutoka angani. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake katika ndege ndogo ya aina ya Vega Gull, akielekea magharibi dhidi ya upepo. Baada ya saa zaidi ya 20 mafuta yalikoma kuingia kwenye injini, akatua kwa pua katika kinamasi cha kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki hadi magharibi.

Kitabu chake, West with the Night, kilichapishwa Marekani mwaka 1942, katikati ya vita, kikasifiwa kisha kikasahaulika. Wanafunzi wa fasihi watapendezwa na mzozo uliofuata. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na baadhi ya watu wakadai kwamba yeye ndiye aliyekiandika. Errol Trzebinski, katika wasifu wake wa mwaka 1993, ameelemea upande huo. Mary S. Lovell, aliyemwandika mwaka 1987, anapinga, na hoja yake ni kwamba sehemu ya muswada ilikwisha kumfikia mchapishaji kabla wawili hao hawajakutana. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini mtu asome sura za farasi, aone jinsi joto la mguu linavyoelezwa, jinsi jike mwenye mimba anavyogeuza shingo, jinsi harufu ya zizi inavyobadilika usiku. Hayo hayakuokotwa na mtu ambaye hakulala zizini. Schumacher huenda alipiga randa sentensi. Mti wenyewe ulikatwa Njoro.

Aliporudi Kenya kuishi, mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa na umri unaokaribia miaka 50, hana mali, na walimu wapya walikuwa wameshika uwanja. Uwanja wenyewe ulikuwa karibu kubadilika: mwaka 1954 mbio za Nairobi zilihamishiwa barabara ya Ngong, ambako ziko hadi sasa. Wengi walimhesabu kama jina la zamani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akifanya kazi Naivasha, aliwashinda karibu wote. Alikuwa mwalimu bora wa msimu mara kadhaa, na akatwaa Darbi ya Kenya mara kadhaa. Kwa maoni yangu huu ndio ushindi mkubwa wa maisha yake, mkubwa hata kuliko Atlantiki. Kuvuka bahari ni ujasiri wa siku moja. Kuandaa farasi wa Guineas, kumpumzisha, kumpeleka Darbi, kisha kumtunza afike St Leger miguu ikiwa mizima, na kurudia hayo msimu baada ya msimu, ni jambo la mtu anayeamka gizani kila siku kwa miaka mingi.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Waliomfahamu walisimulia ukali wake, madeni yake, na wepesi wa kuwatumia marafiki kisha kuwaacha. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Afrika Kusini na farasi wake, lakini mafanikio hayakumfuata huko. Alirejea Kenya, akafundisha tena, ingawa fedha zilizidi kupungua. Mwishowe aliishi katika nyumba ndogo ndani ya uwanja wa Ngong kwa hisani ya Jockey Club ya Kenya, akisikia kwato alfajiri kutoka kitandani.

Bahati ilimrudia kwa njia ya ajabu. Barua za Ernest Hemingway zilichapishwa mwaka 1981, na katika moja ya mwaka 1942 alikuwa amekisifu mno kitabu cha Beryl huku akimsema vibaya mwenyewe. Msomaji mmoja wa Marekani aliiona, akakitafuta kitabu, na mwaka 1983 kikatolewa upya. Safari hii kilinunuliwa kwa wingi, na mapato yake yakamtegemeza bibi kizee aliyekuwa amesahauliwa na karibu kila mtu nje ya uwanja wa farasi.

Alifariki dunia Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83. Ulisalia mwezi mmoja tu kabla ya kutimia miaka 50 tangu alipovuka Atlantiki. Uwanjani Ngong farasi waliendelea kutolewa kwa mazoezi asubuhi zile, wakiongozwa na saisi ambao majina yao hatuyajui.